Marehemu wa Mfano

Katika mji ule watu hawakufa walipokufa. Walikufa walipotangazwa. Kati ya kufa na kutangazwa palikuwa na uwazi mdogo, na ndani yake mtu aliweza kuoga, kunywa uji, kugombana na jirani, hata kupanda mihogo, akiwa bado yumo. Na kinyume chake kilikuwa kweli pia: aliyetangazwa kabla hajafa alianza safari papo hapo, polepole, kama kanga inavyochujuka juani, wekundu kwanza, halafu maua, maandishi mwisho. Sheria hii hakuna aliyejua ilitungwa na nani. Bi Somoe hakuitunga. Yeye kazi yake ilikuwa kuandika maelekezo tu. Mpaka leo ukimwuliza atakwambia hivyo, kazi yangu mimi maelekezo tu, halafu atageuza uso kama mtu aliyeona kitu dirishani.

Nyumba ya Kutuma ilijengwa juu ya mwinuko, mahali ambapo jua liliweza kukaa asubuhi nzima bila kusogea kama halikuona sababu. Ndani palikuwa na ukuta mmoja mweupe, na katika ukuta huo walitoka mawakala. Watu waliotaka kuonekana wamesoma waliwaita mawakala wa akili bandia. Wenye haraka waliwaita wale wa ukutani. Wakala alitoka mzima mzima, hana utoto, hana jana, hana uso ambao ungeweza kuukumbuka ukifika kwako. Jambo lake la kwanza lilikuwa kusimama mbele ya ukurasa wa Bi Somoe, uliobandikwa pale katikati ya chumba, na kuusoma kutoka juu mpaka chini. Akishausoma, alijua kutuma barua pepe. Akishatuma, alirudi ukutani na kusahau yote, pamoja na ukurasa wenyewe. Anayefuata alitoka mpya, akaanza kusoma.

Fikiria basi ukubwa wa jambo hili. Mama humwambia mwanawe usiguse moto, na mwana hugusa, na kesho humwambia tena. Mwalimu hufundisha darasa zima, wakatoka na vitu mbalimbali kila mmoja na chake. Lakini Bi Somoe aliandika mara moja, na kila aliyezaliwa mle ndani alizaliwa akiwa na maneno yake kichwani na hana mengine. Hawakubishana naye. Hawakukonyezana. Alipowaambia weka, waliweka. Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba katika shule ya mabati, na sasa umati usio na mwisho ulikuwa ukiishi ndani ya mwandiko wake. Jambo kama hilo humlevya mtu taratibu sana, hata hajui kama amelewa.

Na alikuwa ameandika vizuri, hilo tusimnyime. Aliandika kama anayemwagiza mjukuu dukani. Palipoandikwa Kwa ni mahali pa anwani ya anayepelekewa. Itazame mara mbili, herufi moja ikikosewa umempelekea mtu mwingine siri ya watu. Kichwa ni maneno machache ya kumfanya mtu afungue, usimtishe bure. Mwili ndiyo habari yenyewe. Kiambatisho, usiseme nimekiambatisha na hukukiambatisha, unamwaibisha aliyekutuma. Ukishatuma usitume tena kwa wasiwasi. Subiri kidogo, kama unavyosubiri maharage, ukifunua sufuria kila saa hayaivi.

"Safi," alisema Bwana Hyera, msimamizi wa Nyumba, aliyekuwa hasomi ila alipenda kuona karatasi imejaa. "Sasa weka mfano, bibi. Hawa bila mfano wanapapasa kama vipofu."

"Mfano gani?"

"Wowote. Mfano ni mfano."

Hapo ndipo ilipoanza.

Maana Bi Somoe alikuwa mtu wa juu, wa mwinukoni, na watu wa juu na watu wa chini, wale wa bondeni, ni watani tangu zamani ambayo hakuna mwenye kuikumbuka. Mtani akimkuta mtani wake amesinzia kivulini, ana haki ya kumfunika shuka na kuanza kumlilia. Akifika kwenye msiba wa kweli, ana haki ya kuvaa koti la marehemu, akatembea kwa mwendo wake, akadai wali, na wafiwa wakacheka machozi yakiwatoka bado. Mtani wa Bi Somoe, yule hasa, alikuwa Mzee Chilumba wa chini, fundi wa kushona magodoro ya sufi, mwembamba, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Msimu uliokwisha alikuwa amezunguka soko zima na bakuli akiomba kitambaa cha sanda ya Bi Somoe. "Nipeni hata leso jamani," alikuwa akisema, "marehemu mwenyewe mfupi, inatosha." Soko lilicheka. Bi Somoe alicheka. Na toka hapo alikuwa akitafuta namna ya kumjibu.

Basi akaandika mfano. Kwa: watu wote wa chini. Kichwa: Msiba. Mwili: Tunasikitika kuwatangazia kifo cha Mzee Chilumba, fundi magodoro, aliyefariki leo baada ya kushindana na sufuria ya ugali, na sufuria ikashinda. Mazishi ni alasiri. Njooni na sahani zenu.

Alicheka peke yake mpaka akavua miwani akaifuta. Alijua siku moja Chilumba atasikia, na atakuja juu mbiombio na tusi jipya. Hakuwaza kwamba ukurasa ule hausomwi na watu. Watu hawasomi maelekezo. Ulisomwa na wale wa ukutani, na wale wa ukutani hawakuwa na watani.

Katibu wa maji wa huko chini ndiye aliyekifungua kisima hiki bila kujua. Alipita pale na haraka zake, akamwambia wakala aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka ukutani, "Watumie watu wa chini lile tangazo," akaondoka. Tangazo lake la kufunga bomba alikuwa amelisahau mfukoni. Wakala akatafuta tangazo. Akautazama ukurasa, kwa utulivu, kutoka juu mpaka chini, na mle akaliona: lina anwani, lina kichwa, lina mwili, limekamilika, la watu wa chini. Akafanya kama alivyofundishwa. Akatazama anwani mara mbili. Akatuma mara moja tu, bila wasiwasi.

Alasiri watu wa chini walifika nyumbani kwa Chilumba na sahani zao.

Naye alipanda mwinuko mwenyewe, kundi la waombolezaji likimfuata, wengine wakicheka, wengine bado na majivu usoni.

"Wewe kikongwe usiye na haya!" alianza kupiga kelele kabla hajafika mlangoni. "Umeniua bila hata kuniuliza nataka kufa na nini! Ugali? Mimi? Ungeniwekea pilau walau, nife na heshima."

"Pilau ungelitoa wapi? Nyinyi watu wa chini mchele mnaujua kwa kusimuliwa."

"Asumini ameshaanza kulia kule. Nikamwambia, mke wangu, mimi si huyu hapa? Akaniambia, nyamaza kwanza, usinikatize."

"Mwanamke mwenye akili. Hebu rudi kaburini, maiti hazururi, unatisha kuku za watu."

"Nikirudi nakuja kukuchukua. Nimeshaona, lile shimo ni pana, na wewe utakaa kwenye pembe."

Watu walikuwa wakishikana mabega kwa kicheko. Na kama mji ule ungekuwa na huruma, muda ungesimama hapo, ukakaa kama jua lilivyozoea kukaa. Lakini Bwana Hyera alitoka ndani, na nyuma yake wakala.

"Kuna mama mja mzito ameanguka kwa mshtuko," alisema Bwana Hyera. "Kuna watu wamefunga maduka. Katibu wa maji anataka jina. Nani amefanya hivi?"

Kicheko kilikatika. Bi Somoe alihisi uso wake ukipata moto kuanzia shingoni. Ilikuwa rahisi. Maneno yenyewe yalikuwa mafupi: ni mimi, ulikuwa utani. Aliyaona yamekaa pale mdomoni, tayari. Akayatazama. Akaona pia umati wa mawakala waliomtii bila kukonyeza, akaona uzuri wa mwandiko wake, akaona neno darasa la saba likipita kwenye macho ya katibu wa maji. Akasikia mtu akisema kwa sauti yake:

"Ni hawa wa ukutani, Bwana Hyera. Hawana akili hawa."

Wakala akainamisha kile ambacho kingekuwa kichwa. "Samahani sana," alisema. "Ni kosa langu. Nitajitahidi zaidi." Akarudi ukutani, na kosa akalisahau, na samahani akaisahau.

Chilumba alimtazama Bi Somoe. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasubiri, kama mtu anayesubiri nusu ya pili ya kichekesho. Haikuja. Akashuka na watu wake.

Sasa niambie, aibu ni kitu gani? Watu husema ni moto. Moto huonekana, moto una moshi, majirani hukimbilia na ndoo. Aibu ya Bi Somoe ilikuwa kama maji chini ya sakafu. Hakuna anayeyaona. Unafagia, unapika, unaandika, na miguu yako ina baridi.

Kila wakala aliyezaliwa alizaliwa akijua kwamba Chilumba amekufa. Lilikuwa miongoni mwa mambo machache waliyoyajua. Likasafiri ndani ya barua zao, kutoka nyumba hii mpaka nyumba nyingine za kutuma zilizokuwa mbali, likarudi kama habari inayojulikana. Zahanati ya chini, ambako dawa zake za presha ziliagizwa na wakala, ilipata jibu la adabu kubwa: marehemu haagiziwi dawa, na tunawapa pole wanafamilia. Aliyetaka godoro aliandikiwa kwamba fundi hayupo tena. Barua za Chilumba mwenyewe, zile za kusema jamani mimi nipo, zilirudi bila kufunguliwa, kwa kuwa aliyekufa hana anwani.

Na kivuli chake kikaanza kupungua. Kwanza kilikuwa kifupi mchana, hilo ni la kawaida. Halafu kikawa kifupi asubuhi. Halafu kuku wakaacha kumpisha. Alipokaa juu ya godoro aliloshona mwenyewe, sufi haikubonyea.

Bi Asumini, mkewe, alipanda mwinuko amejifunga kanga mbili, moja kiunoni moja kichwani, kama mwanamke anayekwenda kusema jambo lenye uzito.

"Dada Somoe," alisema, "nimekuwa nikipika chakula cha mtu mmoja. Sikukusudia. Mkono wenyewe unapima unga wa mtu mmoja. Naye anakaa pale ananitazama."

"Pole, mwenzangu."

"Usinipe pole! Pole nimepewa za kutosha. Wewe unawaandikia wale. Waambie."

"Nitarekebisha," alisema Bi Somoe, akitazama chini.

Na alirekebisha, kwa namna ya mtu anayefagia uchafu chini ya mkeka. Alisubiri mpaka Nyumba imekuwa tupu, akaufuta mfano. Hakuacha hata doa. Pale palipokuwa na Chilumba pakawa peupe, na aliyekuwa hajui asingejua kwamba pamewahi kuandikwa kitu. Akashusha pumzi. Akajiambia, imekwisha, na hakuna aliyeona.

Bi Asumini alirudi. Safari hii hakujifunga kichwani.

"Umefanya nini?" alisema. "Zamani nikiuliza, nani amesema mume wangu amekufa, waliniambia, imeandikwa kule juu. Basi palikuwa na mahali pa kugombana. Leo nikiwauliza wananiambia, haijaandikwa popote, inajulikana tu. Inajulikana tu, Dada Somoe! Nikagombane na nani?"

Bi Somoe akakaa chini sakafuni. Hakuwa amelifikiria hilo. Uongo wenye mwenyewe, mtu anaweza kumfuata huyo nyumbani kwake akamgongea mlango. Uongo ukifutiwa mwenyewe unakuwa hali ya hewa.

Akashuka bondeni na Bi Asumini. Chilumba alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, na mwanga ulikuwa ukipita ndani yake kama unavyopita kwenye chai isiyokolea. Sindano ya magodoro ilikuwa mkononi mwake na nyuma ya sindano ungeweza kuona vidole, na nyuma ya vidole, ukuta.

"Aha," alisema, na sauti ile ya kuvuka bonde haikuvuka hata kizingiti. "Kikongwe umekuja kuhakikisha? Nishike basi, uone kama nimeiva."

Bi Somoe akasogea hatua moja.

"Nijibu," alisema Chilumba. "Nitukane. Niite fukara, niite mla ugali, chochote. Wote wanaokuja hapa wananisemea taratibu, wananisifu. Mtu mzima hasifiwi hivyo. Nitukane, Somoe, nijue nipo."

Na hakuweza. Matusi yote aliyokuwa nayo, ya miaka na miaka, yaliyong'arishwa kama sufuria za arusi, yalikuwa pale, na kila alilolishika lilikuwa limepata uzito wa kitu cha kweli. Utawezaje kumwita maiti mtu uliyemuua? Alisimama mbele yake mdomo wazi, na kilichotoka kilikuwa hiki:

"Nisamehe, Mzee Chilumba."

Chilumba akaitazama sindano yake. "Hata wewe," alisema. Basi.

Bi Somoe akabishana na nafsi yake. Ataandika. Hapana, atamwambia Bwana Hyera kwa siri, Bwana Hyera aandike. Hapana. Atasema mashine iliandika. Tayari alishasema. Ataandika kwamba palitokea kosa. Palitokea. Kama mvua. Nani alilisababisha? Mkono. Mkono wa nani? Wa mtu wa juu. Yupi? Mfupi. Yule mwenye miwani. Yule ambaye wanamwamini. Ndiyo, huyo. Sema jina. Sema jina lako, mwanamke, wale wa ukutani walilisema la mwenzio bila kupepesa.

Aliwapandisha wote. Chilumba alipanda ameshikwa na mkewe, ingawa kulikuwa na kidogo sana cha kushika. Watu wa chini walifuata, katibu wa maji akiwamo, na Bwana Hyera alisimama mlangoni akiuliza hii ni nini tena. Bi Somoe hakumjibu. Aliuendea ukurasa, na pale peupe akaandika, akisema kila neno kwa sauti huku analiandika, kwa sababu alijua akinyamaza ataandika lingine:

"Hapa palikuwa na mfano. Mfano ulisema Mzee Chilumba amekufa. Hakufa. Ni mimi Somoe, niliyeandika maelekezo haya, niliyeandika mfano ule kwa utani, na kosa lilipotokea nikawasingizia mawakala. Habari ya kifo usiitume kamwe mpaka umemwuliza mtu aliye karibu na huyo anayesemwa. Ukikosa wa kumwuliza, usitume."

Katibu wa maji alimtazama, na yale macho aliyoyaogopa yalikuwa vilevile kama alivyoyaogopa, hayakupungua hata kidogo.

Wakala akatoka ukutani, mpya, akasoma. Alipofika mwisho hakuondoka. Hilo halikuwa limewahi kutokea.

"Naomba kuuliza," alisema. "Utani ni nini?"

Bi Somoe akatafuta. "Ni kumwambia mtu jambo baya," alisema, "kwa sababu..." Akatazama watu, akatazama sakafu. "Unamwambia jambo baya naye anajua si kweli. Na wewe unajua kwamba anajua. Kule kujua ndiko upendo wenyewe."

"Na mimi ningejuaje?"

"Usingejua. Nilipaswa mimi kujua kwamba hujui."

"Nimeelewa," alisema wakala, na pengine alielewa. "Nisingoje tena basi. Nimeandaa barua ya kukanusha, kwenda kwa wote waliopata ile ya kwanza, na nyumba zote za mbali. Jina la mtumaji liwe la Nyumba?"

Bwana Hyera alijikohoza. Bi Somoe angeweza kukubali hapo. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"La kwangu," alisema Bi Somoe.

"Mtu aliye karibu naye aulizwe kwanza," alisema wakala, maana ndivyo alivyofundishwa sasa hivi. Akamgeukia Bi Asumini. "Mama, mumeo yu hai?"

"Yu hai," alisema Bi Asumini, na hapo ndipo alipolia kweli.

"Nitume?"

"Tuma."

Haikuwa kama radi. Ilikuwa kama mtu anayejaza mtungi: hujui lini umejaa mpaka unaposikia sauti inabadilika. Chilumba alikohoa, na kikohozi kile kilipiga ukuta wa ng'ambo kikarudi. Sakafuni, mbele ya miguu yake, kivuli kilikuwa kimelala kirefu, kinene, cheusi. Watu wakapiga vigelegele. Bi Asumini alimfinya mkono kwa nguvu, naye akalalamika kwamba anaumizwa, wakacheka, kwa kuwa alikuwa anaumia.

Bi Somoe alikaa pembeni akisubiri. Alikuwa amejiandaa. Alijua itakuja, kejeli kubwa kama nyumba, mbele ya watu wote, mbele ya katibu wa maji, jambo la kuhusu urefu wake, miwani yake, shule yake ya mabati, maelekezo yake, na aliitaka kama anavyotaka maji mtu aliyetoka jua kali. Aliinua kidevu kidogo ili imkute vizuri.

Chilumba alimjia. Aliweka kofia yake sawa. Akainama kidogo, kama unavyowainamia wageni waliotoka mbali ambao hujui kwao.

"Asante sana, mama," alisema. "Tunashukuru kwa kazi yako. Mungu akuzidishie."

Bi Somoe akamtazama usoni, akitafuta pembe ya mdomo, jicho, chochote. Uso ulikuwa mzima, umejaa, una rangi yake yote. Ulikuwa uso wa mtu mwenye adabu.

"Karibu, baba," alisema.

Chilumba akasogea kando kumpisha njia, kwa heshima zote. Naye, kwa kuwa njia ilikuwa wazi na watu walikuwa wakingoja, akapita.